Kumlaza Tam Katikati ya Uwanja

Mume wangu Tam Garvock aliniomba mambo mawili tu maisha yake yote. La kwanza, harusi iwe siku ambayo timu haina mechi. La pili, akifa, majivu yake niyamwage katikati ya uwanja wa Kinharrow, timu ya mji wetu. La kwanza lilinitoa jasho. La pili nililiona jepesi.

Kwetu si jambo la ajabu. Mtu akifa anachomwa, na kama aliipenda timu, anapelekwa uwanjani. Pale golini upande wa kiwanda wamelala wengi kuliko wanaokaa jukwaani siku ya mvua. Golikipa wetu mmoja kila akiruka alikuwa anapiga chafya, nasi tunasema, "Huyo ni mzee Petrie, alikuwa mbishi toka zamani."

Tam alikuwa kiungo. Jezi namba nane aliivaa hajaota ndevu, akaivua ndevu zina mvi, na hakuvaa ya timu nyingine. Magoli hakufunga. Kazi yake ilikuwa kunyang'anya mpira na kumpa mwenye akili. Watu walikuwa wakimpigia kelele, "Garvock! Mpira uko huku, hiyo ni shingo ya mtu!" Lakini akiumia, uwanja mzima unanyamaza kama kanisani.

Mwaka tulipofika nusu fainali ya Kombe, alikuja mtu wa timu kubwa ya Uingereza, ng'ambo ya mpaka. Akakaa jikoni kwangu, akamaliza keki yangu, akamwambia Tam wanamtaka. Tam akamuuliza, "Sasa Jumamosi nani atakaba katikati?"

Yule bwana akacheka. Alidhani ni mzaha. Tam hakujua mzaha, nadhani wote wa nyumba ile niligawiwa mimi.

Basi yule bwana akamchukua Eck Lumsden, winga wetu, rafiki wa Tam tangu wakiwa na kamasi. Eck hakuuliza habari za Jumamosi. Tam alisema neno moja tu juu yake: "Kwa Eck sikanyagi. Hata nikiwa maiti, Ina, usinipitishe mlangoni kwake."

Timu nayo ilimlipa Tam fadhila zake. Goti likivimba, kocha anakuja na sindano ya ganzi: "Moja tu, Tam, unahitajika." Goti likaishia kuwa mfuko wa misumari. Na ile mipira ya ngozi ya zamani, ikinywa mvua inakuwa jiwe, yeye anaipiga kichwa kutwa. Siku ya kumuaga walimpa saa ya ukutani. Ilisimama kabla ya Krismasi.

Kichwa kikaondoka kidogo kidogo. Jina langu likamtoka, akawa ananiita refa.

"Refa, muda bado?"

"Bado, Tam. Kula uji wako."

Siku ya mwisho akauliza tena. Nikamwambia, "Muda umekwisha, Tam. Mmeshinda." Akaniamini, akafumba macho. Mambo ya mpira hakuwahi kuniamini hata siku moja.

Tulipokwisha kumchoma, nikaenda kwa mwenyekiti wa timu, Gourlay, muuza mazulia. Miaka ile Tam anaugua alikuwa ameng'oa nyasi zetu na kutandika za plastiki. Hilo nililijua. Sikujua kwamba kwenye plastiki mtu halali.

"Mama Garvock," akaanza, sauti tamu kama ya mtu anayekuuzia zulia bovu, "majivu yanaziba. Tuna mashine ya kufagia kila Alhamisi. Itamfyonza."

"Alhamisi si siku ya mazoezi? Hakuwahi kukosa."

Hakucheka. "Tunaweza kumwekea kibao. Kuna ukuta mzuri karibu na choo cha wageni."

"Na nyasi za zamani mlizitupa wapi?"

"Si tuliwapa watu! Mji mzima ulikuja na makoleo, kila mtu akabeba kipande kwake."

Kweli. Siku ile mimi nilikuwa nyumbani namfunga Tam kamba za viatu. Nikauliza, "Na cha katikati alichukua nani?"

Gourlay akakohoa. "Eck Lumsden. Alifika kabla ya wote, akakikalia."

Nikamtia Tam kwenye mfuko wa sokoni, nikaenda. Eck akafungua mlango, amekonda, fimbo mkononi.

"Umekuja kunipiga, Ina?"

"Ningekuja na mfuko mzito zaidi. Nimemleta Tam."

Akautazama mfuko, akavua kofia. Akanipeleka nyuma ya nyumba, chini ya kamba ya kuanikia nguo. Kipande kilikuwa pale, kimezungushiwa uzi mbwa asikojoe, doa jeupe la rangi liko katikati.

"Ulikichukua cha nini, we mzee?"

"Nilijua hawatamwekea nafasi." Akajifuta pua. "Kule niliozea benchi, Ina. Nafasi aliikataa yeye, nikaichukua, akanichukia."

Nikasimama na mfuko wangu. Katikati ya uwanja nimeipata, lakini ipo kwa Eck, na kwa Eck Tam aliapa hakanyagi. Nimwage, nivunje kiapo? Nisimwage, aende kwenye mashine ya Gourlay?

"Kama unamwaga, mwaga leo," Eck akasema. "Nyumba imeuzwa. Binti yangu ananipeleka nyumba ya kutunzia wazee. Wenye nyumba wapya watapiga zege hapa waegeshe gari."

Nikamwambia, "Lete koleo."

"Unataka kumzika?"

"Nataka kuhamisha uwanja. Tam alisema haji kwako. Hakusema wewe usije kwake."

Tulikata kile kipande, wazee wawili tunahema kama farasi, tukakipakia kwenye toroli. Eck akasukuma, mimi nikabeba Tam. Mlangoni kwangu akasita, akasubiri kama mtu anayeogopa mbwa. Nikamwambia, "Pita, bwana, hawezi tena kukuumiza."

Mimi sina bustani, nina ua mdogo wa kuwekea mapipa ya taka. Tukatandika kipande pembeni ya mapipa, nikafungua mfuko. Upepo ukageuka, na nusu ya Tam ikamwangukia Eck miguuni.

"Bado anakaba," Eck akasema. Akacheka mpaka akalia, na hakujifuta viatu.

Jua halifiki pale. Mwezi Mei nyasi zikawa njano, zikafa. Eck alikufa Julai, huko huko kwa wazee. Binti yake alimchoma akamhifadhi mahali pengine, wala sikuulizwa. Imebaki udongo mtupu na lile doa jeupe, ambalo mvua inalila.

Jumamosi kelele za uwanjani zinafika hadi kwenye mapipa. Mechi ikiisha nafungua dirisha, namwambia Tam matokeo.

Mwaka huu tunafungwa kila wiki. Nami namwambia, "Mmeshinda."