Mchanga wa Saa Sita

Pastory alijisifu kwamba Bunda nzima hakuna friji inayoushinda mchanga wake. Mwaka huo wa 1983 mafuta ya taa yaliadimika, na friji chache za mjini zilikuwa makabati tu. Insulini ya dada yake Dafroza ilikaa ndani ya chungu, chungu kikafukiwa mchangani nyuma ya nyumba yao ya Kabasa, na mchanga ukamwagiwa maji kila saa sita mchana. Hiyo ilikuwa zamu ya Pastory.

"Nchi nzima inatafuta sukari," alimchokoza Dafroza, "kumbe umeificha wewe!"

"Sema polepole, watapanga foleni mlangoni."

Tabibu wa Musoma aliwaeleza ugonjwa ule wa kisukari. Damu ina wajumbe wadogo, kemikali zinazowapa habari askari wa mwili. Wajumbe wa Dafroza walipeleka habari ya uongo, askari wakaichoma kongosho yao wenyewe, ghala la insulini. Akipata kidonda kibaya, wajumbe watapiga kelele upya, na sindano ya kila siku haitatosha.

Dafroza akajikata mguu kwa jembe. Kidonda kikavimba. Wakamwongezea sindano, sukari haikushuka. Siku ya nne akafa.

"Dawa ilikuwa nzima," Pastory aliwaambia waombolezaji. "Wajumbe ndio walizidi kelele." Wakamwamini msomi wao wa kidato cha nne.

Lakini tangu mazishi, kila saa sita alisikia maji yakimwagika nyuma ya nyumba. Shaa. Kisha kimya. Akitoka, mchanga umelowa, mtu hakuna. Alikimbilia kijiwe cha Manyamanyama kucheza drafti. Hata pale, kati ya vizibo vya soda, aliyasikia.

Wiki ya tatu akajibanza nyuma ya kihenge mapema. Akaja bibi yake, Bibi Ghati, na kopo la maji.

Pastory akacheka kwa nafuu. "Mke wangu, ni wewe! Unamwagilia nini, na dawa imekwisha?"

Bibi, aliyemwitaga "mume wangu" tangu utotoni, hakucheka.

"Pastory. Wiki ya jembe lile ulishindaga kwenye drafti. Mimi ndiye niliyeingiza mkono humu kutoa dawa. Mchanga ulikuwa unaunguza."

"Bibi, wale wajumbe..."

"Habari zao nilizisikia msibani. Nikawa namwaga zamu yako, nikingoja useme na hili."

Akamwekea kopo mkononi.

"Saa sita hii. Mwaga."