Vitabu Viwili vya Akot

Zinaida Pavlovna alikuwa amevitandaza vitabu vyote juu ya kitanda, kama nguo zilizotoka kwenye kamba. Alikuwa amefundisha hesabu chuoni Kyambogo tangu Akot hajazaliwa, na sasa serikali ya Uganda ilikuwa imegombana na Warusi, kwa hiyo yeye na mumewe walitakiwa wawe wameondoka kabla ya Jumapili. Masanduku yalikuwa yamejaa. Vitabu vya watoto vilikosa nafasi.

"Chagua, Hortense," alisema kwa Kirusi. "Wangu wameshakua. Mpelekee mwanao Akot."

Hortense alipiga magoti kando ya kitanda. Akafungua kitabu kilichokuwa karibu, na kabla hajasoma neno lolote akakinusa. Harufu ya gundi na karatasi nzito ikampeleka mbali. Alijiona tena Leningrad, msichana wa Kinande kutoka Butembo, Kongo, ndani ya koti la kuazima, jikoni kwenye bweni la wanafunzi, akiulaani kwa Kiswahili uji uliomuungulia. Nyuma yake kijana mmoja mrefu wa Uganda akaangua kicheko. Miezi miwili mizima walikuwa wakihangaika kuongea Kirusi cha kubahatisha, kumbe wote wawili walijua Kiswahili!

Kijana yule ndiye Olweny. Alikuwa amekulia kambi ya polisi, mtoto wa koplo. "Kiswahili nimekisikia kwa amri tu," alimwambia siku ile. "Tuendelee na Kirusi." Wakaendelea. Alimposa kwa Kirusi. Wenzao walimfupisha jina wakamwita Olya, jina la kike, naye hakukasirika hata siku moja.

"Unacheka nini?" Zinaida aliuliza.

"Hakuna, Zinaida Pavlovna."

Akaanza kuchagua. Kitabu kikubwa chenye picha za dhahabu alikitamani sana, lakini kisingeingia kwenye kikapu chini ya muhogo. Cha pili, mama alikufa ukurasa wa kwanza. Cha tatu vilevile. Cha nne mama alikuwa mzima, ila baba ndiye aliyeingia msituni na hakuonekana tena. Hortense alikifunga upesi, akakisukuma pembeni.

"Nataka hadithi ambayo hakuna anayepotea," alisema.

Zinaida alikaa kitandani, akavipitisha vidole juu ya majalada. "Kwetu lazima mtu apotee kwanza," alijibu taratibu. "La sivyo atarudije?"

Hortense akavuta vingine. Mwishowe alichukua viwili. Kimoja kilikuwa cha dubu aliyekosa usingizi wakati wa baridi, akawa anabisha hodi nyumba kwa nyumba akiomba kuazimwa usingizi. Cha pili kilikuwa cha msichana aliyetumwa chumvi, akapotea, akarudi. Alikisoma mpaka mwisho palepale sakafuni, ahakikishe kweli anarudi. Walipoagana, Zinaida alimtilia kikapuni mfuko wa sukari, kitu kilichokuwa hakionekani madukani, wakakumbatiana.

Njiani kurudi nyumbani Kyebando palikuwa na kizuizi cha askari.

"Mama, simama! Kikapu iko na nini?"

"Muhogo, afande."

Askari alipekua muhogo, mkono ukagusa mfuko. "Na hii?"

"Sukari, afande. Ya mtoto."

"Siku hizi wewe unatoa wapi sukari?" Aliupima mfuko mkononi, akauweka kando ya bunduki yake, akatabasamu. "Haya, kwenda." Vitabu vilikuwa chini kabisa, vimefungwa kwa majani ya ndizi. Hortense alitembea bila kugeuka nyuma.

Olweny alipoviona vitabu mezani, alifunga dirisha kwanza.

"Mama Akot, umeleta nini humu ndani?"

"Hadithi za mtoto."

"Otema walimchukua kwa nini?"

Otema alikuwa mwenzao wa kule Leningrad, na baadaye alifanya kazi idara ya maji pamoja na Olweny. Wanaume wawili walimtoa ofisini mwezi wa tatu, na hakuna aliyemwona tena. Tangu siku hiyo Olweny, akihofia kuonekana mtu wa Warusi, alipiga marufuku Kirusi, hata chumbani. Nyumba ikabaki na Kiswahili, na Olweny akawa mtu wa maneno machache.

Hortense alivinyanyua vitabu avifiche. Lakini Akot alikuwa ameshamwona dubu. Alikivuta kile kitabu, akapanda magotini kwa baba yake.

"Huyu mnyama analia nini?"

Olweny aliitazama picha. "Hana usingizi," alisema hatimaye. "Nje theluji imejaa."

"Theluji ni nini?"

"Ni barafu ndogo-ndogo."

"Si barafu," alisema Hortense, aliyekuwa amerudi jikoni. "Ni kama unga."

"Unga iko na baridi?" Olweny aliuliza.

"Basi unga wa baridi, Baba Akot! Umesahau ulivyoteleza mbele ya watu?"

Alifikiri angekasirika. Badala yake alimsikia akiuliza, kwa sauti ya chini, "Ile sauti ya viatu juu yake, tulikuwa tunaiitaje?"

"*Skrip*," alisema Hortense.

"*Skrip*," Olweny alirudia. Akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma kwa Kirusi, polepole, akikosea mikazo, na Hortense akaacha sufuria akaja kusimama nyuma ya kiti chake, kumsahihisha kwanza, halafu kusikiliza tu.

Asubuhi Akot alitoka uani, akamwona mbwa wa jirani yao Atim, akapaza sauti akimwita dubu kwa Kirusi, "*Medved! Medved!*"

Atim aliacha kufua. "Mtoto anasema lugha gani hiyo?"

Hortense alitoka akamnyanyua mtoto. "Kinande," alisema. "Lugha ya kwetu Kongo."

"Eh! Inasikika nzito," Atim alisema, akarudia nguo zake.

Ndani ya nyumba, Olweny aliyekuwa akinyoa ndevu dirishani alishikwa na kikohozi kirefu. Hortense aliingia mbio akidhani amejikata, akamkuta ameegemea ukuta, povu mashavuni, akicheka hadi machozi.