Fremu ya Mvule

Siku hiyo Nakhumicha aliamka na vita. Uji haukuwa umechemka bado na tayari alikuwa amemwita mumewe jiwe, gogo na punda aliyegoma, na majirani wa ng'ambo ya ukuta pale Ngara wakapunguza redio zao wasikie vizuri.

Maneno yenyewe hayakuwa mapya. Binti yao Peres alikuwa aolewe baada ya Jumamosi mbili, na kanisa lilikuwa limeshasema kwamba baba aliyetengwa hawezi kumshika bibi harusi mkono. Zedekiah Were alitengwa kwa wizi mwaka wa sitini na mbili, na sasa ni sabini na moja. Kila Jumapili alikaa benchi la nyuma, lile la mlangoni, pamoja na walevi na wasichana waliobeba mimba kabla ya pete. Kutoka pale si kazi. Unasimama mbele ya watu, unasema nilikosa, wazee wanakupa mkono, yamekwisha. Walevi walikuja wakaondoka, wengine mara tatu. Zedekiah peke yake ndiye aliyekaa mpaka ubao ukang'aa mahali pake.

"Maneno mawili tu, Baba Peres," Nakhumicha alimwambia. "Nilikosa, nisameheni. Mimi mwenyewe nilikusamehe siku ile ile uliyotoka jela. Hao wazee ni nani wakushinde?"

Zedekiah alimaliza uji, akachukua mfuko wake wa randa na patasi, akaenda kazini kama mtu aliyeambiwa leo kuna mawingu.

Kisa chake kila mtu Ngara alikijua. Kabla ya uhuru alikuwa fundi wa nyumba kwa memsabu mmoja, mama wa Kizungu wa Kileleshwa. Memsabu huyo alikuwa na picha ndogo ya bibi wa bibi yake, saizi ya yai la kuku, imechorwa kwa rangi juu ya kipande cha pembe ya ndovu. Ikaanguka, fremu yake ya dhahabu ikavunjika, na Zedekiah akaambiwa atengeneze nyingine. Akatengeneza. Baada ya miezi michache picha ikapotea, na kwa kuwa yeye ndiye aliyeishikashika kuliko wote, akashikwa yeye. Ogutu, mpishi wa nyumba hiyo, waliyesali naye kanisa moja, aliapa mbele ya hakimu kwamba alimwona akifunga kitu kidogo katika leso. Zedekiah akasema ni kiazi kitamu. Hakimu akacheka, akampa mwaka na nusu.

Saa saba mchana hoteli ya Nakhumicha ilijaa kama kawaida, watu wanne kwenye benchi la watatu. Miongoni mwao alikuwepo Gerishon Muchiri, fundi wa fremu katika duka moja la vitu vya kale mjini, kijana asiyeweza kumeza tonge bila kusimulia. Leo alikuwa na jipya. Bosi wake alikuwa na picha ya mama wa Kizungu, ndogo hivi, na kwa mwezi mzima alikuwa akiwaambia wageni kwamba fremu na picha ni mapacha, zimezaliwa Ulaya miaka mia mbili iliyopita.

"Sasa leo ananiambia nifungue nisafishe," Gerishon akasema. "Nafungua. Ndani hakuna msumari hata mmoja, ni vijiti. Mbao yenyewe ni mvule. Na karatasi ya nyuma imebandikwa na uji, mama. Uji wa wimbi! Mende wamekula mpaka wakashiba. Bosi amenuna kama mtu aliyefiwa. Anataka ukoo wa hiyo kitu wote, imetoka kwa nani ikaenda kwa nani, maana wenye pesa hawanunui picha, wananunua ukoo wake."

Watu walicheka. Upawa wa Nakhumicha ulibaki hewani. Alikuwa amegombana miaka na mikaka na mwanamume mmoja aliyemmalizia unga wa wimbi kwa kubandikia mbao.

Aliwafukuza wateja, wengine na vinywa bado vimejaa, akashuka na Gerishon kwa miguu, wakavuka mto mpaka mjini. Picha aliikuta imeshavishwa fremu nyingine, imelazwa juu ya kitambaa laini, mama wa Kizungu akitabasamu kana kwamba hajawahi kumfunga mtu. Fremu ya mvule ilikuwa imetupwa chini ya meza katika sanduku la vipande vya kuni. Nakhumicha akaiokota. Mkono wa mumewe aliujua hata gizani.

Basi aliiba kweli, akawaza. Aliiba, akauza, na mimi nikalea mtoto kwa kuuza maandazi. Bosi, aliyekuwa anautaka ukoo wa picha kwa udi na uvumba, alimtajia aliyeileta: mama mmoja wa Kilimani, Kalekye.

Kalekye alikuwa yaya katika nyumba ile ile ya Kileleshwa. Nakhumicha alilala na jambo hilo, na kulipokucha lilikuwa limeshakuwa mapenzi ya siri, wizi wa watu wawili, na labda mtoto mahali fulani. Aliingia Kilimani amejifunga leso kiunoni, akampata Kalekye nyuma ya nyumba ya waajiri wake wapya, akianika nguo. Fremu akamsukumia kifuani, akamwuliza ni lini mumewe alimpa.

Kalekye aliitazama fremu, akamtazama yeye, akaweka beseni chini.

"Kwani Ogutu hakuwaambia?"

"Aniambie nini?"

Wakakaa kwenye ngazi. Kalekye akaeleza polepole. Wiki mbili baada ya Zedekiah kufungwa, memsabu mwenyewe aliikuta picha ndani ya kikapu chake cha nyuzi, chini kabisa, imezama katika sufu. Aliwaita Kalekye na Ogutu, akasema ni aibu kubwa, atazungumza na polisi, wao wafunge midomo. Polisi hawakuonekana. Ogutu akapewa baiskeli. Memsabu alipohama mwaka wa sitini na nne alimwachia Kalekye sanduku la makorokoro, na picha ilikuwa humo. Karo ya watoto ilipombana mwezi uliopita, akaipeleka mjini.

"Ogutu aliniambia yeye ni mtu wa kanisa lenu, ataongea na wazee," Kalekye akasema. "Nikajua mlishayamaliza."

Ogutu alikuwa ameongea na wazee, naam. Alikuwa amekuwa mmoja wao. Yeye ndiye aliyebeba daftari la waliotengwa, na kila Januari alisoma jina la Zedekiah bila sauti kutetemeka.

Jumapili, wakati wa matangazo, Nakhumicha alisimama bila kuitwa. Kalekye, aliyeacha ibada ya kanisa lake, alisimama karibu naye, akasema yote mpaka baiskeli. Mchungaji akanong'ona kwamba jambo hilo liende kikao cha wazee. Nakhumicha akajibu kwamba mumewe hakutengwa kikaoni, alitengwa hapa hapa, mchana, watoto wakisikia. Akaenda mpaka mbele, akaiweka fremu tupu juu ya daftari, mbele ya Ogutu.

"Mzee Ogutu, chungulia. Tuambie unamwona nani humo."

Ogutu alitazama mikono yake. "Memsabu alisema ataenda mwenyewe," akasema mwishowe.

"Na baiskeli ilisema nini?"

Mchungaji alitoka mimbarini, akamwita Zedekiah aje mbele, benchi la kwanza, kanisa limpe mkono. Zedekiah hakusogea. Ndipo Nakhumicha akachukua fremu, akashuka kwa hatua za mshindi kumwinua mumewe kwa mkono wake mwenyewe.

Zedekiah aliipokea fremu, akapitisha kidole gumba kwenye kona.

"Hapa niliikosea kidogo," akasema. Kisha, kwa sauti ambayo mkewe peke yake aliisikia: "Ulinisamehe, Mama Peres. Miaka yote hiyo ulinisamehe. Hukuniuliza hata siku moja."

Mwanamke aliyejua habari za Ngara nzima, nani kalala wapi na nani kapika nini, hilo moja la nyumbani kwake hakuwahi kuliuliza. Hasira ilikuwepo bado, kubwa kuliko mwanzo, ila sasa haikuwa na Ogutu wa kumshukia.

Jumamosi ya harusi, Zedekiah alimshika Peres mkono, akatembea naye mpaka mbele, suti imepigwa pasi, macho makavu. Akina mama waliokuwa wamemwekea Nakhumicha nafasi benchi la kwanza waligeuka wakimtafuta. Alikuwa amekaa kule nyuma, karibu na mlango, kwenye ule ubao uliong'aa. Mmoja akamfuata kumnong'oneza kwamba hapo si mahali pa mama wa bibi harusi.

"Niache," Nakhumicha akamwambia. "Nimetengwa."

"Na nani?"

Nakhumicha alikuwa akimtazama mumewe.