Udongo Uliochoka

Agnella ndiye aliyeshika funguo za chujio la maji kitongojini kwao, nje kidogo ya Ifakara, na funguo hizo zilimvimbisha kichwa. Hata katekista alipanga foleni kwake.

Kisima cha kitongoji kilikuwa na madini ya risasi, yaliyopenya ardhini kutoka kwenye betri chakavu zilizovunjwa jirani kwa miaka mingi. Wendelin, mtaalamu wa maji, akaleta tangi lililojazwa chenga za udongo wa mfinyanzi.

"Udongo huu unanasa sumu, mama," alimwambia. "Ukishachoka, sumu yote imo humo. Utoe, uufukie siku hiyohiyo."

Siku ya kuubadilisha iliangukia katikati ya mavuno ya mpunga. Agnella aliutoa, akauanika juu ya gunia nyuma ya jiko, akasema ataufukia Jumapili akitoka misa. Jumapili ikapita, na nyingine. Mpunga haungoji mtu, alijiambia, kana kwamba kuchimba kishimo kungemlia siku nzima!

Mkwewe Noela, aliyeishi naye, alikuwa na mimba ya miezi sita na hamu kubwa ya udongo, ule uitwao pemba wanaouziwa wajawazito sokoni. Jumanne moja Agnella alimkuta nyuma ya jiko, shavu limetuna, anatafuna. Udongo juu ya gunia ulikuwa umebaki nusu.

"Mama, huu mtamu kuliko pemba za sokoni," Noela alisema akicheka. "Unanukia mvua."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Agnella alisema tu, "Acha, mchafu huo," akauzoa na kuufukia kabla jua halijazama. Angesema zaidi, Wendelin angejua, kitongoji kizima kingejua, na funguo zingekwenda kwa jirani yake Restituta. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo aliijua vizuri, maana aliwahi kuwasuta nayo wenzake.

Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, mdogo, mlegevu, hata kunyonya kwa shida. Wodini, nesi aliuliza kama mama alikula kitu chochote kisicho cha kawaida. Noela akainamisha kichwa.

"Labda kosa ni langu. Mama alinikataza kubeba ndoo, nikabeba."

Agnella, aliyekuwa amempakata mjukuu, alishindwa kuvumilia kusikia hivyo. Akaeleza yote: chujio, gunia, woga wake.

"Lini hiyo?" nesi aliuliza.

"Miezi miwili sasa."

Nesi alishusha pumzi. "Tutawapima damu wote wawili. Ungesema siku ile, mama, tungeanza kumtibu mkweo mapema."

Noela alikuwa akimkazia macho mkwewe.

"Uliponiambia mchafu, ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mwanangu. Nilijua."

Noela hakulia wala hakufoka. Alinyoosha mikono yote miwili.

"Nipe mtoto wangu."