Mgombea Aliyefiwa na Yeye Mwenyewe

Hussein Madole alitaka uenyekiti wa chama cha kuzikana kuliko alivyowahi kutaka kitu kingine, na sababu yake kila mtu pale kijijini Ulaya, Kilosa, aliijua, kwa kuwa mwenyewe hakuchoka kuisema. Mama yake alipofariki, mwaka juzi, wabeba jeneza walikuwa wanne: Hussein, imamu, jirani yake Stefano Mihayo, na kijana wa Kimaasai aitwaye Lenku aliyekuwa anapita zake na ng'ombe, akaombwa ashike upande mmoja. Ng'ombe nao wakawafuata mpaka makaburini. Ukiwahesabu ng'ombe, msafara ulikuwa mkubwa. Ukiwatoa, ilikuwa aibu.

Wanachama wengine walituma pole kwa simu. Walituma viganja vilivyokutanishwa, nyuso zinazotoa machozi, mishumaa, na mmoja alikosea akatuma keki. Hussein akaapa kwamba siku atakayokuwa mwenyekiti, mwanachama atakayetuma kikatuni badala ya kuja, naye akifa atabebwa na vikatuni.

Kilichomkwamisha ni kwamba uchaguzi wenyewe ulikuwa haufanyiki. Katiba ya chama ilitaka nusu ya wanachama waonekane kwa macho na wanyooshe mikono. Wanachama walikuwa wametawanyika, wengine Mikumi, wengine Kilosa mjini, wengine Rudewa na Magole, na kila mkutano ukiitishwa walinyoosha vidole gumba kwenye kundi la WhatsApp la chama, kisha wakabaki makwao. Kwa hiyo mwenyekiti akaendelea kuwa Bonifas, fundi baiskeli wa pale barabarani, mtu mpole ambaye ukimtukana anakuuliza kama tairi lako lina upepo.

Hussein alimtukana kila siku, na hapo ni baada ya kumaliza kazi zake nyingine za simu. Alikuwa akitoka kuswali alfajiri anaanza: dawa ya presha kwa majani ya mpera, onyo kuhusu sukari yenye sumu, chatu akimmeza mbuzi, mtu wa nchi ya mbali aliyeoa mti. Saa ya chai alikuwa amefika kwenye udhaifu wa Bonifas. Jioni alirudia chatu, kwa ajili ya waliokuwa shambani asubuhi.

Wiki ya uchaguzi mwingine uliotarajiwa kushindikana, Hussein akatuma picha ya kampeni. Kijana wa studio kule Mikumi alimvika tai ya kompyuta, akamtoa mvi, akamtoa mikunjo, akamng'arisha uso mpaka akafanana na mtoto wa waziri. Nyuma yake akaweka mawingu.

Stefano alikuja mpaka uani kuizungumzia. Stefano alikuwa Mnyamwezi, babu yake alikuja kukata mkonge Rudewa enzi hizo, na Wanyamwezi na Wasagara wa Ulaya, kama Hussein, ni watani wa tangu zamani. Mtani ana ruhusa ya kukutusi mbele ya mkwe wako. Ukifa, ndiye anayevaa nguo zako, anaigiza mwendo wako, na kulala ndani ya kaburi lako mpaka apewe kuku.

"Mtani," Stefano alisema, "picha hii umepiga mwenyewe au wamekupigia mochwari?"

"Kula kwanza ushibe, Mnyamwezi, ndiyo uje kuongea na watu."

"Mimi nakusifia. Imekaa vizuri. Imebaki maandishi tu."

"Andika utakavyo. Wewe hata kuandika jina lako unaombewa dua."

Joha, mke wa Hussein, aliyekuwa anapepeta mchele, akamwambia mumewe asimpe mtani ruhusa ya jambo asilolijua. Hussein akamwambia mambo ya mitandao ayaache kwa wanaume.

Jumamosi asubuhi Hussein akaenda Mikumi kuchukua fulana za kampeni. Zilikuwa nyeupe, na uso wake wa mawinguni kifuani, na chini yake maneno aliyoyatunga mwenyewe: HUSSEIN MADOLE, MTU WA WATU. Akamkabidhi furushi Mudi, dereva wa bodaboda aliyekuwa anapeleka abiria Kilosa, amshushie kwa Bonifas pale barabarani, kwa maana adui au si adui, Bonifas haibi. Yeye akabaki kula wali kwa maharage na kulalamika kwamba simu imezima na mwenye kibanda hana umeme.

Mchana alipata lori la mahindi, likamshusha njia panda ya Ulaya. Pale kandokando ya barabara alikuwa amesimama bibi mmoja mwenye kanga mbili na kifurushi cha unga kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nielekeze kwenye msiba."

"Msiba wa nani?"

"Wa huyo mgombea. Hussein Madole."

Kusikia watu watakavyokusema ukishakufa ni jambo ambalo Mungu hampi kila mtu, na Hussein alikuwa anapewa bure. Akaupokea ule unga.

"Twende. Napajua. Alikufa na nini?"

"Sijui. Mimi ni Odilia, nakaa Mikumi, niliolewa huku nikabaki kwenye chama. Tuliambiwa leo asubuhi."

"Alikuwa mtu mzuri?"

Bibi Odilia alitembea kidogo akitafuta jibu la haki. "Alikuwa msumbufu. Mungu amlaze pema, lakini yule mtu alikuwa na simu kama mwendawazimu mwenye filimbi. Chatu, sukari, chatu. Mjukuu wangu alinionyesha namna ya kumnyamazisha. Akituma yeye, sifungui. Hakuna mtu anayefungua."

"Hakuna kabisa?"

"Uliza wengine. Wewe si wa kundi letu?"

"Nimo," alisema Hussein. "Si msemaji sana."

Akamwomba aone tangazo. Bibi akatoa simu kutoka kwenye pindo la kanga. Ilikuwa ile ile picha ya mawinguni, na juu yake neno TANZIA kwa herufi kubwa. Bibi Odilia akaitazama, akamtazama na Hussein mwenye mvi na vumbi la lori, na hakuona hata chembe ya kufanana. "Kijana mzuri hivi," alisema.

Tangazo lilianza kwa masikitiko makubwa, likataja jina, ukoo, mke, saa ya maziko, likaomba kila mwanachama aje na unga au kuni. Mwishoni palikuwa na yale maneno madogo ya buluu, Soma zaidi. Hussein akayabonyeza. Chini yake Stefano alikuwa ameandika: *Amekufa kwa tamaa ya uenyekiti. Atafufuka kura zikihesabiwa. Mimi mtani wake nimeshaanza kula kuku.*

"Mama, hapa hukubonyeza?"

"Kwa nini nibonyeze? Mtu akifa amekufa, mengine ya nini?"

Walipopinda kona ya mnazi mkavu, Hussein aliona uwanja wake. Alikuwa hajawahi kuona watu wengi hivyo nyumbani kwake, hata siku ya harusi. Baiskeli zilikuwa zimeegeshwa mpaka kwenye uchochoro wa jirani. Watu wa Magole walikuwa na mchele wao, watu wa Rudewa walikuwa na kuni zao. Vijana walikuwa wanatoka nyuma ya shamba la ufuta na majembe yenye udongo mbichi. Na nusu ya waombolezaji walikuwa wamevaa fulana zenye uso wake.

Bonifas alikuwa amelipokea furushi, akalifungua, akaona picha na jina, akasema basi marehemu alijiandaa, akazigawa kwa foleni. Waliokuwa na shaka, shaka ziliwatoka hapo. Msiba hauwezi kuwa wa uongo wakati fulana zimeshachapwa.

Katikati ya uwanja alikuwepo Stefano, amevaa kanzu ya Hussein, jasho linamtoka.

"Jamani nawaambia hajafa," alikuwa anasema. "Mimi ndiye niliyeandika. Ni utani. Hussein mzima."

Watu wakaangua kicheko cha kilio. "Huyu mtani anaijua kazi yake," alisema mzee mmoja wa Rudewa. "Siku hizi watani wa hivi wameisha. Mpeni kuku wake."

"Sitaki kuku. Naapa kwa Mungu, mtu yuko Mikumi."

"Ndiyo, Mikumi ndiko yalikomkuta," walimjibu, kama walivyomjibu Joha asubuhi aliposema mumewe ameenda Mikumi kuchukua fulana.

Hussein akapita katikati yao. "Ni mimi," alisema. "Niko hai."

Yule mzee wa Rudewa akamwangalia kutoka juu mpaka chini. "Huyu mtani wa pili hajafikia wa kwanza. Marehemu alikuwa anatembea kwa kujidai. Wewe unatembea kama uliyeibiwa kuku."

Stefano akapiga kelele kwamba ndiye huyo, wageni wakazidi kucheka, majirani wakarudi nyuma kama walioona mzimu; Joha peke yake ndiye aliyemkaribia. Alikuwa mlangoni kati ya wanawake, ameshikwa mabega, macho yamevimba. Akainuka akaja, akamgusa uso kwa viganja vyote viwili, akaugusa tena, kisha akainama akavua kandambili, akampiga nayo begani mbele ya chama kizima.

"Simu," alisema. "Simu yako iko wapi?"

"Imeisha chaji."

Akampiga tena. Hapo ndipo watu walipoamini kwamba ni Hussein.

Kelele zilipotulia, wengine wakacheka, wengine wakadai unga wao, na bibi mmoja kutoka Magole akasema amelia sana na hatarudi kulia tena kwa mtu huyu. Bonifas alikuwa bado anazungusha macho uwanjani, midomo inacheza kama mtu anayehesabu spoku za baiskeli.

"Akidi imetimia," alisema. "Tena imezidi. Tupige kura ya mwenyekiti, tumalize."

Mtu akauliza kama katiba inaruhusu marehemu kugombea. Wakabishana. Wakakubaliana kwamba katiba imekaa kimya, na asiyekatazwa ameruhusiwa. Hussein akaitwa aseme neno lake.

Hotuba aliiandaa tangu mwaka juzi. Ilikuwa inasema kwamba chini ya Bonifas watu hawaji kwenye misiba. Akawatazama wale watu, kuanzia kwenye mkeka wa mbele mpaka kwenye baiskeli za uchochoroni.

"Nilikuwa na maneno," alisema. "Lakini mmekuja. Kwa mama yangu hamkuja. Nataka kujua kwa nini. Nilitangaza mwenyewe kwenye kundi."

Bibi Odilia, aliyekuwa sasa ameshaelewa ametembea na nani, ndiye aliyejibu.

"Ulitangaza wewe, mwanangu. Ungemwambia hata huyo Mnyamwezi, yeye haandiki mara mbili kwa mwaka. Wewe siku ile ulishatuma chatu asubuhi. Nani angejua kwamba lililofuata ni mama yako? Mimi nilipata habari wiki ya pili. Nikatuma mshumaa kwa aibu."

Hussein akaitoa simu yake iliyozima. Akaipangusa vumbi, akairudisha mfukoni.

Kura zikapigwa. Bonifas alipotajwa, mikono ikanyanyuka uwanja mzima, na chini ya karibu kila mkono ulikuwepo uso wa Hussein wa mawinguni, unatabasamu, umeng'aa, unampigia kura Bonifas. Hussein alipata kura yake, ya Joha, na ya Lenku, aliyepita tena na ng'ombe akauliza kuna nini. Ya Lenku ilikataliwa kwa sababu si mwanachama.

"Tairi lako la nyuma lina upepo?" Bonifas alimuuliza alipokuja kumpa mkono.

"Halina," alisema Hussein.

"Lete kesho."

Ilikuwa imebaki shida moja, na wazee ndio walioikumbuka. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Kaburi likiachwa wazi na mdomo mtupu, linamwita mtu. Dawa yake inajulikana: linazikwa shina la mgomba. Imamu alisema hilo halimo kwenye kitabu chochote alichosoma, akaenda kutia udhu, na akachukua muda mrefu sana kuutia.

Vijana wakakata mgomba ulio nyuma ya choo cha Hussein, wakaulaza kwenye jeneza la msikiti, wakaufunika. Hussein akaingia mbele, bega la kulia. Nyuma yake watu walisukumana kugombania nafasi, kwa maana thawabu ni thawabu, na walikuwa wametoka mbali.

"Sogea nasi tubebe," alisema mtu wa Magole.

"Niache kidogo," alisema Hussein.

"Mgomba si wako peke yako."

"Nimesema niache kidogo."

Akabeba mpaka kaburini bila kupokewa, ingawa bega lilikuwa linauma pale palipopigwa kandambili. Alipogeuka nyuma aliona mkia wa msafara bado unatoka uani kwake.

Stefano akasimama ukingoni na kanzu isiyo yake, akaomba kusoma wasifu.

"Marehemu alizaliwa nyuma ya choo," alisema. "Hakuoa, lakini ameacha watoto wengi, wote wamebaki pale pale aliposimama. Alikuwa mtu wa amani. Alimlisha jirani bila kuuliza kabila. Na katika maisha yake yote hakuwahi kumtumia mtu video."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Bibi Odilia alikuwa analia kweli, alisema hawezi kuona kaburi asilie, hata la ndizi.

"Mwenye neno la ziada?" aliuliza Stefano.

Wote wakamgeukia Hussein. Hussein akatazama shina lile jeupe mle shimoni, akafikiri.

"Sina," alisema, akachukua jembe.