Pesa Aliyoikimbiza Bi Mwamvua

Pesa ikilala nyumbani kwa Bi Mwamvua haiamki nzima. Hilo alilijua tangu angali mke kijana hapo Mohoro. Ukiuza mchele asubuhi, alasiri kuna mtu kibarazani: huyu mtoto wake anachemka homa, yule amefiwa na sanda hana, mwingine kapungukiwa na mchango wa harusi. Na wote ni ndugu. Utasemaje huna, na noti umezifunga kwenye pindo la kanga, zinakugusa kiunoni? Bi Mwamvua aliogopa uongo kuliko nyoka wa bondeni. Aliyemwomba alimpa, na mwaka ulipokwisha alibaki na shukrani za watu na madebe matupu.

Basi mjukuu wake Muzdalifa alipoingia kidato cha nne, kwenye shule moja ya binafsi kule Kibiti, bibi alijiapiza kuwa safari hii pesa hailali. Mama wa mtoto alikwisha kutangulia mbele ya haki, na baba yuko Dar, simu yake inaita tu. Mwenye mtoto ni yeye bibi. Na mtoto mwenyewe kichwa anacho, walimu walikuwa wakisema.

Shule ilikuwa imeacha kupokea pesa mkononi. Kila mzazi alipewa kadi. Ukipata chochote unakipeleka pamoja na kadi kwa wakala mwenye kimashine, anaichanja, pesa inafika shuleni. Ada ya bweni iwe imekamilika kabla ya mitihani ya mwisho. Isipokamilika, mtoto anatoka bwenini. Na Mohoro hadi Kibiti si njia ya mwanafunzi kwenda na kurudi kila siku.

Kadi ile Bi Mwamvua aliipenda. Aliona ni kama mtungi wa mdomo mwembamba: unatia, wala hakuna mtu wa kuchota. Akiuza kuku, huyo kwa wakala. Akiuza ufuta kidogo, huyo kwa wakala. Hata pesa ya ukili wa mikeka aliosuka mwenyewe haikufika nyumbani.

"Bibi, leo tena?" alimwuliza Ismaily, wakala wa Mohoro, mtu mzima mwenye duka la vocha na sabuni. "Juzi si ulikuja?"

"Juzi niliuza jogoo. Leo nimeuza ufuta. Chanja."

"Hii ndogo, bibi yangu. Kusanya kwanza. Kila nikichanja hapa, wenye mtambo wanakata chao."

"Nani asiyekata? Hata mashineni tunapokoboa mpunga wanakata."

"Mashineni ni mbali na huku, bibi."

"Chanja, Ismaily. Au mashine yako imeota kutu?"

Wateja wa vocha wakacheka. Ismaily akachanja.

Bi Mwamvua alikuwa na hesabu yake. Alikwisha kukoboa mpunga miaka na miaka, na mwenye mashine hudai kwa debe. Mpunga mwingi, gharama kubwa. Mpunga kidogo, gharama kidogo. Hakuna mtu duniani aliyepeleka kibaba akatozwa ya gunia. Kwa hiyo pesa ndogo itakatwa kidogo, na ukiziunganisha zote itakuwa yale yale. Jambo lilimkaa sawa kichwani hata hakuona haja ya kuuliza.

Mwezi wa nane mdogo wake Hajira alipiga simu kutoka Kibiti. Hajira alikuwa mjane, muuza vitumbua karibu na stendi.

"Dada, kesho nakuja huko. Nina neno."

"Karibu, mdogo wangu."

Aliweka simu, akalishika pindo la kanga. Neno alilijua. Bati za chumba cha uani cha Hajira zilikuwa zimeoza, na vuli haikuwa mbali. Na yeye alikuwa na pesa ya mchele aliouza Ikwiriri, bado iko kwenye pindo, maana siku ya kuuza hakumkuta Ismaily dukani.

Asubuhi hakunywa hata chai. Alijitanda akatoka mbio mbio kwa wakala. Akatia yote, hata ile aliyoiweka ya chumvi na mafuta. Aliporudi alikaa kibarazani, akajipepea na ncha ya kanga, akamngoja mdogo wake roho nyeupe.

Hajira alifika na mfuko wa vitumbua. Wakasalimiana, wakaulizana habari za wagonjwa na za mashamba. Kisha Hajira akasema, "Dada, kile chumba changu cha uani sasa ni chujio. Sikuombi bati zote. Nishike mkono hata nusu yake, nami nitatafuta iliyobaki."

"Hajira, mdogo wangu, sina. Wallahi sina."

Na ilikuwa kweli. Aliapa bila ulimi kusita.

Hajira alimtazama. Macho yalimkalia dada yake muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akaitazama mipapai ya uani.

"Haya, dada. Ukisema huna, huna. Mungu atafungua."

Akaomba maji ya kunywa, akaaga. Alipokwisha kuondoka Bi Mwamvua alikula kitumbua kimoja, akakiona kitamu. Utamu ule alikuja kuukumbuka baadaye, akatamani angekitema.

Mwezi wa kumi shule ikampigia simu aje. Alikwenda na kanga mpya, akijua anakwenda kuambiwa amekamilisha. Alipokewa na mhasibu, mwanamke mpole aitwaye Kudra, akapewa kiti. Muzdalifa naye aliitwa, akasimama mlangoni na sare yake.

"Shikamoo, bibi," Kudra alisema.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Bibi, hapa shuleni hakuna mzazi aliyelipa mara nyingi kama wewe."

Bi Mwamvua akatabasamu, akajua anasifiwa. "Tunajitahidi, mwanangu."

"Na kila mara umekatwa." Kudra alishusha sauti. "Makato ya kadi ni yale yale, bibi. Mtu alipe ada nzima kwa mkupuo, au alipe ya kuku mmoja, wanakata sawa."

"Sawa vipi? Ya kuku na ya ada nzima?"

"Sawasawa. Wala haiji kwetu sisi, inakwenda kwa wenye mtambo."

"Sasa si wanammaliza kuku mwenyewe?"

"Ndiyo walivyofanya, bibi. Kuna siku pesa iliyofika hapa ni ya mbawa tu."

Muzdalifa alicheka kidogo, kisha akajiziba mdomo. Kudra akamtajia bibi kiasi kilichopungua kwa makato hayo. Bi Mwamvua alikihesabu kiasi kile kwa vidole. Hakikuwa kigeni kwake. Yeye bei ya bati alikuwa akiijua, kila mtu wa Mohoro aliijua mwaka ule, na kilichokatwa kilitosha nusu ya chumba cha uani, kile kile alichoombwa, labda na misumari juu.

"Nyumbani nimebakiza mbegu tu," alisema polepole.

"Mtihani atafanya, hilo usihofu," Kudra alisema. "Atasoma akitokea nje. Ila kitanda, bibi, mkuu amekwisha kukitoa kwa mwingine. Mimi nilimsemea, sikuweza. Huna ndugu hapa Kibiti wa kumweka mtoto hizi wiki zilizobaki?"

Bi Mwamvua aliinama akafunga upya pindo la kanga yake.

"Bibi," Muzdalifa alisema kutoka mlangoni, "si yupo Bibi Hajira?"

Walipakia sanduku na godoro kwenye bodaboda, wao wakafuata kwa miguu. Bi Mwamvua alikuwa akisimama kila mara, mara kiatu, mara kanga.

"Mke mwenzangu, leo una nini?" Muzdalifa alimtania, maana ndivyo bibi alivyozoea kumwita yeye. "Miguu imekuwa ya bi harusi."

"Nyamaza, mke mwenzangu. Ungekuwa na miguu hii usingefika hata hapa."

Hajira alikuwa nyumbani akiosha makarai ya vitumbua. Aliliona sanduku, akaliona godoro, akamwona dada yake amesimama nje kama mgeni asiyejua hodi. Akajifuta mikono.

"Karibuni. Mbona mmesimama juani?"

"Hajira," Bi Mwamvua alianza, "nimekuja na shida, na sina uso wa kuileta."

"Mtoto ametolewa bwenini?"

"Ametolewa."

"Basi ingizeni mizigo. Chumba kipo. Ila ni kile cha uani, huku mbele nalala mimi na magunia ya unga. Mtoto utavumilia?"

"Nitavumilia, bibi," Muzdalifa akasema.

Ndani, Bi Mwamvua aliinua macho darini. Bati zilikuwa na matundu, mwanga unaingia kama kwenye chekecheke. Hajira alikuwa amezibaziba na vipande vya maturubai, akaweka na mawe juu.

Hawajamaliza kupanga, mvua ikashuka. Vuli ya kwanza, yenye hasira. Hajira akaleta sufuria, akaleta beseni, akaleta na karai moja la vitumbua. Muzdalifa akaburura meza hadi pembe moja iliyobaki kavu, akakumbatia madaftari yake. Bibi alimtazama mtoto alivyojikunja pale ili bega moja lisilowe, na mitihani iko karibu, kisha akamgeukia mdogo wake.

"Hajira. Siku ile sikukudanganya. Kweli sikuwa nayo."

"Najua, dada." Hajira alikuwa ameinama anasogeza beseni. "Niliposhuka kwenye gari nilipita kwa Ismaily kununua vocha. Akaniambia, dada yako katoka hapa sasa hivi mbio mbio, katia pesa yote, hata chenji ya juzi kasahau. Akanipa nikuletee. Nikaiweka chini ya mfuko wa vitumbua."

Bi Mwamvua aliikumbuka chenji ile aliyoikuta chini ya mfuko. Alidhani ni yake iliyoanguka.

"Ulijua, na hukusema neno?"

"Niseme nini? Ulisema huna, na kweli ulikuwa huna." Hajira aliinuka, akashika kiuno. "Kilichoniuma si bati. Kilichoniuma ni mbio. Dada yangu kukimbia na pesa isije ikaonana na mie. Ungeniambia ni ya mtoto, ningekuambia kalipe. Ningekusindikiza."

Bi Mwamvua alikaa ukingoni mwa godoro. Miaka yote alijichunga na uongo wa ulimi, na sasa hakujua lile alilolifanya kwa miguu aliite nini. Mvua ikazidi. Tone moja likatafuta njia mpya, likaangukia ukingo wa meza. Muzdalifa akaivuta tena.

"Bati bado ni bei ile ile?" Bi Mwamvua aliuliza.

"Zimepanda, dada."

Karai lilikuwa limejaa. Hajira alilishika mkono mmoja, Bi Mwamvua akalishika wa pili, wakalitoa nje pole pole lisimwagikie madaftari ya mtoto.