Mpini wa Ufagio

Kuna kazi ambazo mtu akikuuliza unafanya nini, unamjibu nusu. Shangazi alikuwa akijibu, "Nafanya usafi," basi, anaishia hapo, na aliyeuliza anabaki kufikiria maofisi na madirisha ya vioo. Kumbe usafi wake ulikuwa wa nyumba za watu waliofia ndani wakiwa peke yao, wakakaa hivyo mpaka harufu ikawatangulia mlangoni. Mwili ukishaondolewa, polisi wakishamaliza yao, ndugu wakishashindwa kuvuka kizingiti, ndipo anaitwa yeye na mwenzake Kipara, na ndoo zao na mabrashi yao.

Jina la Shangazi alipewa kazini. Hakuwa shangazi wa mtu pale, ila alikuwa na ulimi wa shangazi: anakugombeza mpaka unajuta kuzaliwa, kisha anakuuliza kama umekula. Hata bosi, aliyemzidi umri, alimwita hivyo hivyo na kumwogopa kidogo.

Asubuhi hiyo walikuwa kwenye jengo la zamani, ghorofa ya juu kabisa, nyumba ya kinyozi mstaafu. Mlinzi wa jengo ndiye aliyemkuta, baada ya wapangaji kulalamika kuhusu nzi kwenye ngazi. Alifungua kwa ufunguo wa akiba, akapita sebuleni, akafungua mlango wa bafu, na hapo ndipo alipomwona mzee, amelala kiubavu kati ya sinki na ukuta. Daktari akaandika moyo. Mzee, mgane, peke yake: moyo. Hakuna aliyekuwa na la kuongeza.

Alikuwa mtu nadhifu. Hilo Shangazi aliliona hata kabla hajavaa glavu. Mashati yalitundikwa yote yakitazama upande mmoja, viatu vilimeta, mikasi ya kazi yake ya zamani ilipangwa juu ya kitambaa cheupe kama vyombo vya upasuaji.

"Huyu angekuwa hai, asingeniruhusu nikanyage humu," alisema Kipara, akitazama buti zake.

"Hata mimi nisingekuruhusu," alijibu Shangazi. "Beba godoro hilo."

Bafu lilikuwa dogo, la kugeukia kwa adabu. Sakafuni walikuta kitana cha chuma kilichopindika, mswaki uliokatika vipande viwili na kibano cha nyusi kilichovunjika ncha. Shangazi alivizoa vyote akavitia kwenye mfuko wa taka. Kwenye mlango, upande wa ndani, rangi ilikuwa imekwanguliwa, juu karibu na kitasa, na chini pia.

"Alikuwa na mbwa?" aliuliza.

"Sijaona hata bakuli," Kipara alijibu kutoka sebuleni, na mazungumzo yakafa hapo. Kazi ile ilikuwa imewafundisha wasiwe watu wa maswali. Ukianza kuulizia kila kitu cha marehemu, hulali.

Mchana Kipara akapakia godoro na mazulia kwenye gari apeleke jalalani. Shangazi alibaki. Mlango mkubwa aliuacha bila kuufunga na madirisha ya sebuleni aliyafungua yote ili hewa ipite. Mkoba wake, na simu ndani yake, aliuweka jikoni mbali na maji. Mlango wa bafu ulikuwa umezuiwa kwa ndoo. Alimwaga dawa kali sakafuni, akaiacha inywee kwenye mistari ya vigae, kisha akahitaji ndoo. Akaivuta. Upepo wa sebuleni ukauvuta mlango, paa!

Hakushtuka. Alimaliza kwanza kona aliyokuwa akiisugua, akainuka huku anashika kiuno, akanyoosha mkono kwenye kitasa. Kitasa kikazunguka. Kikazunguka tena, mzunguko mzima, chepesi, kama kijiko kwenye kikombe kitupu. Ulimi wa kufuli haukusogea hata kidogo.

"Wewe nawe," alikiambia.

Alikivuta, akakisukuma, akakizungusha taratibu, akakizungusha kwa hasira. Mlango ulifungukia ndani, kwa hiyo hata bega lisingesaidia kitu. Alichoweza ni kuvuta tu, na cha kuvutia kilikuwa hicho hicho kinachozunguka bure. Akachukua kwanguo lake la chuma, la kukwangulia uchafu, akalipenyeza kwenye upenyo wa mlango. Kwanguo likagoma. Akalisukuma kwa kiganja, likapinda, na alipolitazama lilivyopinda, mkono wake ukasimama hewani.

Kitana. Mswaki. Kibano.

Alitazama mikwaruzo ya juu, usawa wa mtu aliyesimama. Akatazama ya chini, usawa wa mtu aliyekaa, au aliyeshindwa kusimama. Hapakuwa na mbwa.

Dawa ilikuwa imeanza kumwasha macho. Barakoa yake ilikuwa ya kufanyia kazi mlango ukiwa wazi. Mle ndani hewa ilikuwa inageuka kuwa kisu. Alifungua bomba, akamwaga maji sakafuni ndoo baada ya ndoo, akaloanisha kitambaa cha kichwa akakibana puani juu ya barakoa. Juu ya sinki palikuwa na tundu la hewa, vioo vyembamba vyenye mianya lakini visivyofunguka, upana wa daftari. Akapanda juu ya ukingo wa choo, akaweka mdomo pale, akaita. Sauti yake ikashuka kwenye uwazi wa katikati ya jengo, ikapotea huko kwenye mabomba na nguo zilizoanikwa.

Jikoni simu ikaanza kulia. Bila shaka Kipara, kusema yuko kwenye foleni ya jalala. Ililia mpaka ikachoka. Ikalia tena. Shangazi aliisikiliza kama mtu anayesikiliza wenzake wakila chumba cha pili.

Ndipo akakumbuka bomba. Lilishuka kutoka darini hadi sakafuni na kuendelea chini kwa jirani. Akachukua kwanguo akaligonga: ngo, ngo, ngo. Akangoja.

Kutoka chini likaja jibu. Du! Du! Du! Zito, moja kwa moja chini ya nyayo zake.

"Alhamdulillahi!" alisema, na machozi ya dawa yakachanganyika na ya furaha. Akagonga tena, haraka haraka, kama anayesema njoo, njoo. Jibu likaja tena, sasa la nguvu zaidi. Akasikiliza kama kuna miguu kwenye ngazi. Hakuna. Akagonga mara nyingine. Du! Du! Du! Na safari hii akaisikia vizuri ile hasira iliyokuwamo. Mtu alikuwa anapiga dari kwa mpini wa ufagio. Alikuwa anamwambia anyamaze.

Kisha redio ya chini ikafunguliwa, ikapandishwa, mtu akawa anatangaza bei za vyakula kwa sauti iliyotetemesha vigae.

Shangazi aliketi kwenye ukingo wa choo. Katika nyumba zote alizosafisha hakuwahi kumwogopa aliyekufa, wala hakuanza sasa. Kilichomkaba ni kwamba alimwelewa. Alijua mzee alisimama wapi, alishika nini kwanza, alipumzika wapi. Alijua kwamba maji alikuwa nayo, kwa hiyo halikuwa jambo la saa moja. Na alijua kwamba naye aligonga, kwa sababu ukiwa humu utafanya nini kingine?

Kifua kikaanza kubana. Akakohoa, akapiga magoti, akaweka mdomo kwenye tundu la sakafuni la kutolea maji, mahali ambapo saa moja kabla asingeweka hata kidole bila glavu.

"Wewe jirani wa chini!" alipiga kelele. "Mimi ni mtu! Mfanya usafi! Sijafa mimi, nimefungiwa! Zima hilo redio lako uje!"

Redio ikaendelea. Akapiga kelele tena, mpaka sauti ikakwaruza. Redio ikakatika ghafla. Kikawa kimya, na katika kimya hicho akasikia kutoka chini kwenye tundu sauti nyembamba ya mwanamke ikisema, "Nisamehe. Nisamehe, baba. Nisamehe."

"Sitaki kusamehe mtu, nataka mlango!" Shangazi alilia. "Panda juu!"

Miguu ilikuja polepole, ya mtu mwenye magoti mabovu. Mlango mkubwa ukalia bawaba. Hatua zikasimama sebuleni.

"Wewe ni nani?" sauti iliuliza.

"Mama, fungua kwanza, tutajuana baadaye."

Kitasa cha nje kikageuka, kirahisi kabisa, bila kinyongo. Shangazi alitoka kwa magoti na kulala kifudifudi kwenye sakafu ya sebule, akavua barakoa, akainywa hewa ya dirishani.

Aliyemfungulia alikuwa mwanamke mzee mwenye tepu ya kupimia shingoni na pini zimechomekwa kifuani mwa gauni. Mshonaji wa chini. Mkononi bado alikuwa na ufagio, ameushika kwa kichwa, mpini ukitazama mbele kama silaha. Ncha ya mpini ilikuwa nyeupe kwa chokaa ya dari.

"Nilidhani ni yeye tena," alisema.

Shangazi akainua kichwa. "Tena?"

Mshonaji akaketi kwenye kiti cha marehemu bila kuangalia alikokaa. Aliongea akiwa ameutazama ufagio. Yeye na kinyozi, alisema, walikuwa na vita vyao vya miaka. Mzee alikuwa na viatu vya mbao, anaamka alfajiri ka, ka, ka, juu ya kichwa chake. Yeye anapiga dari. Mzee akitaka kumkera anaongeza. Cherehani ikilia mchana, mzee naye anagonga sakafu. Wakikutana kwenye ngazi wanasalimiana vizuri tu, mzee anamuulizia magoti. Ndiye aliyemnyoa mumewe mpaka mwisho, hata alipokuwa hajiwezi kitandani.

"Basi ilipoanza ile ngo ngo ya bombani, nikasema leo kapata mchezo mpya. Nikampiga. Akagonga. Nikampiga. Usiku mzima. Kesho yake akagonga, lakini kidogo kidogo, nikasema afadhali, kachoka." Akaugeuza ufagio mkononi. "Nilimjibu kila mara, dada. Kila alipogonga nilimjibu."

Shangazi alitaka kumgombeza, maneno aliyajua yote, lakini huyu ndiye aliyekuwa ameiokoa roho yake dakika chache tu zilizopita. Akajikuta anamshika goti.

Walikuwa hivyo hivyo, wameketi, waliposikia viatu vya kike kwenye ngazi na Kipara akiongea nyuma yake, "Pita tu, mama, hakuna shida." Alikuwa binti wa marehemu, mtu mzima, kitambaa cheusi kichwani. Alikuja kuchukua mikasi ya baba yake.

Alisimama mlangoni. Kisha akapiga moyo konde akaingia, akafika hadi bafuni, mkono ukaenda kwenye kitasa.

"Usiufunge huo!" Shangazi alimaka. "Kitasa cha ndani kibovu. Kimenifungia sasa hivi."

Binti akakigusa kwa kidole. Kikazunguka. Aliona ile mikwaruzo, akaikodolea macho, na Shangazi akamwona akiipanda kwa macho kutoka chini kwenda juu, kama yeye alivyofanya.

"Aliniambia," binti alisema. "Aliniambia kwenye simu, tafuta fundi, kitasa kinasumbua. Nikamwambia, baba, acha wazi tu, unaishi peke yako, nani atakuchungulia? Akasema mtu haogi mlango wazi kama mbuzi." Alicheka kidogo. Kisha akageuka. "Mama, wewe uko hapa chini. Hukusikia chochote?"

Kipara alitazama ukuta. Shangazi alimtazama mshonaji, na mshonaji akatazama pini za kifuani mwake.

"Ile cherehani yangu, mwanangu," alisema. "Ina kelele sana."

Binti akageuza macho kwa Shangazi, si kwa kumshuku, ila tu kama mtu anayetafuta pa kuyaweka. Hapo Shangazi alihisi tena hewa inapungua. Akisema, anamvunja huyu bibi mbele ya watu. Asiposema, anaushikilia mlango usifunguke, yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Alifungua mdomo. Kikatoka kikohozi tu.

"Pole sana, mdogo wangu," alisema mwishowe. "Njoo nikupe hiyo mikasi."

Kwenye ngazi, wakati wanateremsha ndoo, mshonaji aliwangoja mlangoni kwake. Alimshika Shangazi mkono. "Asante kwa kunisitiri."

Shangazi akautoa mkono wake. "Sikukusitiri, mama. Nimeshindwa kusema, basi. Usinishukuru." Akashuka ngazi mbili, akarudi, akamwandikia namba yake ya simu kwenye kipande cha kitambaa kwa chaki ya kushonea. Mwenyewe hakujua kwa nini.

Wiki zilizofuata hakuwa sawa. Alimkataza Kipara kumwacha peke yake, na Kipara, ambaye kwa kawaida angetania mwezi mzima, hakutania. Alisafisha kama kawaida. Usiku aliota kijiko kikizunguka kwenye kikombe.

Simu ilikuja akiwa amepanda ngazi ya kukunja, anasugua ukuta wa jikoni katika nyumba nyingine, ya mtu mwingine. Sauti aliitambua mara moja, ile nyembamba ya kwenye tundu la sakafuni.

"Nimemwambia," alisema mshonaji.

Shangazi akashuka ngazi, akaketi kwenye ngazi ya chini kabisa. "Umemwambia yote?"

"Yote. Na ufagio. Nilimwita kwangu, nikamwekea chai, nikamwambia."

"Akasemaje?"

"Hakusema kitu. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane, dada, ningepumua. Akaniuliza tu, ilikuwa inasikikaje. Nikasema sauti ya bomba. Akasema hapana, nionyeshe. Basi nikachukua kijiti cha kupimia, nikampigia pale mezani, kama baba yake alivyokuwa anapiga."

Shangazi alisikia pumzi ya bibi ikienda na kurudi.

"Halafu?"

"Halafu akaniomba nirudie."